Leo Si Biashara: Siku Tano Ischia

Nilianza kwa kukosea gati. Boti za kasi za Napoli, zile wanazoziita aliscafo, hutoka Molo Beverello, na feri kubwa zinazopakia magari hutoka Calata Porta di Massa. Dada yangu alinieleza yote hayo kwenye simu, nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayejua. Nikajikuta nimesimama Beverello na tikiti ya Porta di Massa mkononi, begi limebaki na gurudumu moja, jua la Julai limenikalia utosini. Kijana wa kukagua tikiti alinitazama kwa huruma, akaninyooshea kidole kule kule nilikotoka. Nikatimua mbio. Mimi, niliyekaa mapokezi ya hoteli Malindi miaka kumi na moja nikiwaelekeza Waitaliano njia ya Gede na Watamu, nimepotea kwao, tena bahari naiona.

Kwa nini Ischia, kisiwa cha ghuba ya Napoli? Dada aliniuliza hivyo hivyo. Yuko Napoli anamtunza bibi mmoja mzee, na alikwisha kunipangia Pompei na Capri kama wanavyopangiwa watu wote. Kosa ni la filamu. Kuna mama wa Kiitaliano, mteja wetu wa siku nyingi, ambaye hukaa Malindi hata msimu wa mvua hoteli zikiwa tupu. Jioni alizoea kutuwekea filamu za zamani ukumbini, sisi wa mapokezi, wapishi na askari wa getini. Iliyotuteka ni Vacanze a Ischia ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mario Camerini, na ndani yake yumo Vittorio De Sica na madaha yake. Ni vichekesho vya mapenzi ya likizo: watu wanashuka kisiwani, kila mtu na mipango yake ya moyo, na jua linaivuruga yote. Aliyecheka kutushinda sote ni yule askari, ambaye Kiitaliano chake hakivuki "buongiorno."

"Hii si Malindi hii?" alisema. "Ila wamejaza wazungu mpaka kwenye kubeba mizigo."

Neno hilo lilinikaa. Sisi Malindi tunawajua Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipokuja kusimamisha jukwaa lao la kurushia roketi, San Marco, baharini pale Ngomeni. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa jina hilo. Wakaja wahandisi, wakafuata wa likizo, zikafuata nyumba za makuti zenye mabwawa ya kuogelea, pizza, na watoto wa mitaani wanaomwambia kila mzungu "ciao" hata akiwa Mjerumani. Yakafuata na mapenzi ya msimu, yale yanayoingia na kaskazi na kuondoka na ndege ya Machi. Nimewaitia teksi wanawake wanaolia. Nimewashikia funguo mabichiboi, vijana wetu wa ufukweni, waliovaa shati jipya la kununuliwa. Vichekesho vya namna hiyo nimevitazama miaka yote kutokea nyuma ya kaunta, na hamu yangu ilikuwa kwenda kuwaona wale wa nyuma ya kaunta ya kwao.

Feri huchukua kama saa moja na nusu. Bandari ya Ischia ni ya mviringo kama bakuli. Zamani ilikuwa ziwa ndani ya shimo la volkeno, na mwaka 1854 Mfalme Ferdinando wa Pili akalifungulia mlango wa kwenda baharini. Feri yetu, na ukubwa wake wote, iliingia mle ikageuka polepole, abiria wakishangilia kana kwamba nahodha ameegesha gari penye nafasi ya baiskeli.

Kilichonichekesha nje ya bandari ni Ape, kigari cha Piaggio cha magurudumu matatu. Tuktuk! Zetu za Malindi nyingi ni ukoo huo huo. Neno lenyewe maana yake ni nyuki, na ukikisikia kigari kinapanda mlima huna haja ya kuuliza kwa nini. Basi la kuzunguka kisiwa ni habari nyingine: mmesimama pua kwa kwapa, hakuna kondakta wa kumtupia lawama. Tulipopita Casamicciola gumzo lilipungua. Kuna nyumba zenye nyufa za tetemeko la Agosti 2017, na juu yake unaona mlima ulivyochunika. Maporomoko ya Novemba 2022 yaliua watu kumi na wawili pale. Mama aliyeketi mbele yangu alifanya ishara ya msalaba, kisha akaendelea kumenya pichi.

Nilifikia Forio, kwa mjane anayekodisha vyumba viwili. Jioni ya kwanza alipika sungura wa Kiischia kwenye chungu, na nyanya na majani yenye harufu nzuri, na divai nyeupe ambayo aliimimina mbele ya macho yangu. Nikaomba samaki. Hakuudhika, ila kila asubuhi iliyobakia aliniuliza kama nimebadili mawazo.

Siku ya pili nikaenda Sant'Angelo, kijiji cha wavuvi upande wa kusini ambako magari hayaruhusiwi. Hapo zipo boti za teksi zinazopeleka watu ufukwe wa Maronti, na kwenye kila boti kuna mwanamume aliyeungua na jua vizuri. Wa kwangu, nitamwita Kapteni, alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, kofia ya majani, kifua wazi, na ubao wa bei kwa lugha tano.

"Signora, umekuja kwa siku ngapi?"

"Tano."

Akatikisa kichwa kama daktari aliyeridhika na majibu ya vipimo. Kisha akavua kofia. "Macho yako," akasema, "yameiba rangi ya bahari hii."

Macho yangu ni meusi kama kahawa tungu. Nilinyamaza nimwone atafikia wapi.

"Panda. Leo si biashara. Leo ni kuona tu."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ukuta wa gati. Ndugu yangu msomaji, kama umewahi kutembea ufukweni Malindi, au Nungwi, au Diani, unajua kwa nini. "Leo si biashara, dada, ni kuangalia tu." Kwa maneno hayo zimeuzwa kikoi, vinyago, safari za Tsavo, na mioyo. Kumbe dawa ile tuliyodhani ni ya babu zetu inauzwa na huku, tena kwa pakiti ile ile.

Nilipomwambia natoka Malindi uso wake ulibadilika. Akavaa shati. Sitanii, alivaa shati, akafunga na vifungo, kama mtu aliyetembelewa na mkaguzi. Shangazi yake alikwenda Malindi mara tatu, akasema, na mara ya tatu alirudi amenyamaza.

"Eh," nikasema. Sikutaka kumwuliza mwaka gani. Ningeweza kuwa ndiye niliyemwitia teksi.

Basi tukakaa kwenye boti iliyofungwa kamba, tukaongea kazi. Akaniambia kuanzia Novemba hoteli nyingi hufunga, na mpaka karibu na Pasaka yeye hupaka boti rangi na kumsaidia mama yake katika mizabibu. Wanawake wa kiangazi huandika mpaka Oktoba. Desemba anabaki yeye na paka. Akataka kujua vijana wetu huanza vipi, wao pia huanza na macho?

"Hapana. Wetu huuliza kwanza: unaondoka lini?"

Akapiga paja. "Lakini hata mimi..." Akakatiza, akanitazama, akakumbuka swali lake la kwanza kwangu. Anayeondoka kesho hapewi macho wala bahari, hupewa bei tu. Anayekaa wiki mbili ndiye huchumiwa ua. Tulicheka wote wawili hadi jirani yake wa boti ya pili akaja kuuliza kuna nini.

Alinipeleka Maronti. Nililipa nusu. Huko kuna mahali mchanga unafuka moshi, joto la volkeno liko chini tu, na watu hufukia mayai na kungoja yaive. Nilichoma kidole nikijaribu kuhakikisha.

Nilikuwa nimeahidi kupumzika, lakini siku iliyofuata nilipanda Lacco Ameno kwa ajili ya kikombe. Kiko katika makumbusho ya Villa Arbusto, na nakushauri, ukiwa na nafasi ya kuona kitu kimoja tu Ischia, uache bahari uende hapo. Ni chombo kidogo cha udongo kilichounganishwa vipande vipande, cha kama miaka 2,700 iliyopita, kilichofukuliwa kaburini na mwanaakiolojia Giorgio Buchner katikati ya miaka ya 1950. Ubavuni kina mistari mitatu ya Kigiriki iliyokwaruzwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama hati zetu za Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi ya Kigiriki ya kale kabisa yaliyopatikana. Na yanasema nini? Si sheria wala dua. Ni mzaha: kwamba atakayenywea kikombe hiki, papo hapo atashikwa na tamaa ya Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki. Mtu alikaa kwenye karamu kisiwani humu, kabla Roma haijawa kitu, akaandika maneno ya bichiboi juu ya bakuli. Mlinzi wa chumba alinikuta nimeinama pale dakika kumi nzima nikitabasamu peke yangu.

Nyumba yenyewe iliyo na makumbusho ilikuwa ya Angelo Rizzoli, mchapishaji na mtayarishaji wa filamu kutoka Milano. Katika miaka ya 1950 aliipenda Lacco Ameno akajenga hoteli ya kifahari ya maji ya moto, Regina Isabella, akaleta nyota wa sinema walale humo. Hospitali ya kisiwa pia ni mkono wake. Na filamu yetu ile ya ukumbini? Ilitoka kwake. Nilisimama mbele ya picha zake ukutani nikawaza: mzee, nawe! Saa moja na nusu ya watu kupendana juani, na kumbe ilikuwa tangazo la vyumba. Leo si biashara, ni kuangalia tu. Na mimi ndiye huyu, nimekuja, nimelipa.

Castello Aragonese sitalieleza sana, picha zake zimejaa kila mahali: ngome juu ya mwamba baharini, unaivukia kwa daraja la mawe. Hapo ndipo mshairi Vittoria Colonna alipofunga ndoa mwaka 1509, na mume akaenda vitani mara nyingi kuliko alivyokaa nyumbani. Viongozi wa watalii hupenda kusimulia hilo. Wanachosimulia kwa haraka ni chumba cha chini cha watawa, chenye viti vya mawe vilivyotobolewa katikati. Mtawa akifa, maiti iliketishwa juu ya kiti hicho mpaka ikaisha, na wenzake walishuka kila siku kusali mbele yake. Nilikuwa nimepanga kuangalia machweo kule juu. Nikashuka nikanunua malai.

Usiku wa tarehe 26 Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Anna, na Ischia nzima huteremka chini ya ngome. Zamani wavuvi waliwapeleka wanawake wajawazito kwa mashua mpaka kwenye kanisa dogo la mtakatifu huyo, upande wa pili wa ghuba, kuomba uzazi mwema. Siku hizi majahazi yaliyopambwa hushindana kwa uzuri, na mwisho fataki huwashwa mpaka ngome inaonekana inaungua. Filamu za likizo huishia kwenye busu, lakini sherehe ya wenyewe wa kisiwa imeanzia miezi kadhaa baadaye. Kapteni nilimwona kwa mbali, kavaa suruali ndefu, kambeba mtoto wa dada yake mabegani. Hakuna aliyemwambia habari za macho yake.

Asubuhi ya kuondoka nilipita Sant'Angelo kuaga. Alikuwa ameacha nafasi chini ya ubao, akanipa brashi. Kijerumani anacho, Kifaransa anacho, Kirusi anacho, sasa anataka na cha kwetu, wateja waone amefika mbali. Nikaandika kwa herufi kubwa, taratibu, rangi ya buluu ikinidondokea kwenye kandambili:

MANENO MATAMU NI BURE. NAULI NI NAULI.

Akauliza maana yake. Nikamwambia ni "karibuni kwenye boti nzuri kuliko zote." Akanibusu mkono. Mjerumani mmoja aliyekuwa akingoja akatupiga picha.

Septemba, nikiwa nimerudi kaunta, dada alinitumia picha kwenye simu. Watoto wa yule bibi walimpeleka mama yao Ischia siku moja kwa maji ya moto, naye dada akaenda nao, akautafuta ubao. Bado upo. Bei imepandishwa, unaona rangi mpya juu ya ile ya zamani. Na chini ya maneno yangu, kwa mwandiko ambao si wangu wala si wa dada, mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: "Kweli kabisa. Nimelipa."