Mteremko ndio ulionimaliza, si mlima

Mwaka juzi, nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21, nilipanda kuelekea Mweka bila shida. Dar nilikuwa nafanyia mazoezi jimu, mashine ya kukimbilia nimeiinua asilimia 6, pumzi ikazoea. Tulipogeuza kurudi Moshi mapaja yakakakamaa. Kesho yake ngazi nilishuka kinyumenyume. Mashine ile inapanda tu, haishuki, na kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja ndiyo inayofunga breki kila hatua.

Basi kila Jumamosi alfajiri nikawa naenda vilima vya Pugu: napanda taratibu, nashuka kwa hatua fupi za harakaharaka, mwili umeinama mbele kidogo. Wiki 8. Mashine sikuiacha, inanifaa siku za mvua. Mwaka jana nilishuka kutoka Mweka nikikimbia mpaka mwisho.