Mchango wa futari Ngamiani, Ramadhani ya 2011

Vijana wa mtaa wetu pale Ngamiani, Tanga, tulikuwa na mchango wa futari kila mwaka. Ukiingia tu mwezi wa Shaabani tunaanza kuzunguka na kaunta buku nyumba kwa nyumba, barabara kwa barabara (wenyeji wanajua barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba), tukishakusanya tunanunua vitu kwa jumla, tunafungasha, tunawapelekea wajane, wazee wasio na wa kuwatazama na nyumba zenye yatima. Mimi ndo nilikuwa katibu, nimetoka kumaliza kidato cha sita, na mwenyekiti wetu alikuwa anashinda kwenye vibarua bandarini kwahiyo kazi nyingi ziliniangukia mimi.

Mwaka 2011 Ramadhani iliangukia mwezi wa nane na hali ilikuwa ngumu jamani. Mgao wa umeme ulikuwa mkali, maji ya bwawa la umeme la Mtera yamepungua, wachomeleaji, vinyozi, wauza juisi wote kazi zimelala, na hao ndo tuliokuwa tunawategemea, maana mwenye nacho anaahidi ila mtu wa buku mbili anatoa hapo hapo. Na sukari nayo ikapanda. Sasa futari bila sukari inakuwaje, uji unaitaka, tambi zinaitaka, chai ya daku inaitaka.

Akatokea mfanyabiashara mmoja akatuita dukani kwake, akasema sukari yote anatoa yeye na mafuta ya kula ataongeza. Tulifurahi mno. Halafu akatoa sharti lake, siku ya kugawa wale wazee waje wenyewe wapange foleni mbele ya duka, pawe na bango lenye jina lake, na kila anayepokea apigwe picha na mzigo wake mkononi.

Usiku ule baada ya tarawehe tukakaa barazani na taa ya chemli tukabishana karibu mpaka daku. Waliotaka tukubali walikuwa na hoja nzito, walisema mtu mwenye njaa picha haimpunguzii kitu, na sisi ni nani wa kumkatalia sukari mtu ambaye hata hatujamuuliza. Mimi kichwani nilikuwa na bibi mmoja ambaye zamani alikuwa anauza vitumbua na kulisha watoto wa wenzake bila kuhesabu, macho yakamharibikia akawa hawezi tena. Kila tukimpelekea mzigo anatutandikia mkeka na lazima atupe kitu, kashata, embe, chochote, hataki kupokea mikono mitupu. Yule ukamsimamishe juani mchana wa funga apigwe picha na kilo mbili za sukari? Nikawaambia wenzangu ile orodha ni amana, wale watu wametupa majina yao ili tuwasitiri. Wakanyamaza, mwenyekiti akasema basi, asubuhi twendeni.

Tukaenda. Nikamwambia, "Alhaji, sukari tunaihitaji sana, na jina lako tutalitaja msikitini Ijumaa watu wakuombee dua, ila kuwapanga wazee wetu hatutaweza." Akajibu kwamba vijana tuna kiburi, na sukari yake ikabaki stoo.

Tukarudi kwenye simu. Ndugu waliokuwa Dar wakatuma kwa M-Pesa, waliokuwa Muscat wakawapa watu wao hapa Tanga watuletee, kina mama wa upatu wakatoa zamu nzima ya mwenzao aliyekubali kusubiri, hiyo mpaka leo nikiikumbuka namwombea kheri. Sukari tuliyopata ikawa kilo moja kila fungu badala ya mbili, tukajazia tende na unga wa ngano.

Kupeleka tulipeleka usiku kwa baiskeli, Tanga baiskeli hazikosekani, mzigo umefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu na mwingine unaning'inia kwenye usukani. Mgao ambao mchana tulikuwa tunaulaani usiku ule ulitufaa, mtaa mzima giza, hakuna anayejua tunaingia kwa nani. Yule bibi alifungua mlango kabla sijamaliza kupiga hodi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, ingieni." Akaupapasa mfuko, akaifikia sukari, akaipima kwa kiganja. "Mwaka huu imepungua." Nikamweleza bei ilivyo, sharti la yule tajiri sikumwambia, sikuona sababu ya kumtia unyonge. Akasema inatosha, akaniita nisogee akanitia tangawizi mbili mfukoni.

Ijumaa tukasoma hesabu msikitini, kilichoingia na kilichotoka mpaka shilingi ya mwisho, karatasi tukaibandika mlangoni. Majina ya waliopewa hayakuwemo.

Mchango bado upo, sa hizi wanauendesha wadogo zetu kwenye grupu la WhatsApp. Wanaweka picha za risiti na magunia na ni sawa kabisa, mchangiaji ana haki ya kujua hela yake imeenda wapi. Mwaka jana kuna mtu kwenye grupu aliomba waweke na picha za waliopokea, kabla sijashika simu kumjibu vijana wenyewe walikuwa wameshamkatalia.