Meza ya Chozi Mlimani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Mathayo 6:25–34, nami naomba tukae kwenye mstari wa 26: "Waangalieni ndege wa angani, ya kwamba hawapandi, wala hawavuni, wala hawakusanyi ghalani; na Baba yenu wa mbinguni huwalisha hao. Ninyi je! Si bora kupita hao?"

Wengi tunaujua mstari huu kwa moyo. Hata hivyo tunakimbilia faraja yake tukiliruka agizo lake. Bwana alitaka kwanza tuangalie. Basi tumwangalie ndege mmoja: chozi wa Mlima Kenya, yule anayeishi juu kabisa, miti inapokwisha.

Anayepanda kwa njia ya Naro Moru hupita msitu na mianzi, akafika kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050 hivi, kisha akapambana na kinamasi kirefu cha mteremkoni mpaka Bonde la Teleki, karibu mita 4,200. Huko jua la mchana huchoma ngozi, na usiku maji huganda. Wapandaji wengi wana haraka ya kufika kilele cha Lenana kabla jua halijachomoza, wapige picha, wateremke. Lakini ukikaa kitako juu ya jiwe jua likishapanda kidogo, utamwona. Dume ana kijani kinachometameta, mkia wenye manyoya mawili marefu, na vishada vyekundu kifuani ambavyo huvifunua anapomtisha dume mwenzake au kumwita jike. Jike ni wa kahawia, hana makuu. Wageni kutoka Marekani humfananisha na kolibri, ndege mdogo wa kwao anywaye maua, ingawa si wa ukoo mmoja. Kolibri hunywa akielea hewani mbele ya ua. Chozi kwa kawaida hutua kwanza.

Anakula nini kwenye baridi ile? Mlimani kuna mimea iitwayo lobelia. Mmoja wao, Lobelia telekii, husimama wima kumpita mtu mzima, umevaa manyoya marefu ya kijivu toka chini hadi juu. Maua yake ya buluu yamejificha ndani ya manyoya hayo, yakikingwa na baridi. Chozi hupenyeza mdomo wake mwembamba uliopinda, akanywa mbochi, yale maji matamu ya ua, akaokota na wadudu waliojihifadhi humo. Mmea huo hukaa chini miaka mingi, 40 au zaidi kwa makadirio ya waliouchunguza, ukiwa fundo la majani tu ambalo mpita njia halitazami mara mbili. Kisha huchanua mara moja, hutoa mbegu, hufa.

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo wangu umekaa juma zima. Mlo wa chozi wa asubuhi ya leo ulianza kuota kabla babu yake hajaanguliwa. Baba alikuwa akimwandalia wakati hakuna aliyeona meza, ni majani tu juu ya udongo wenye baridi.

Sisi tukiomba riziki tunangoja kitu kishuke leo, na kisiposhuka tunasema Mungu amenyamaza. Nawafikiria wazazi wanaohesabu siku kabla shule hazijafunguliwa, ada haijapatikana. Namfikiria pia shangazi fulani aliyeanza kuweka fedha za maziwa kwenye chama miaka mingi iliyopita, hajui ni za nini, mpaka siku mpwa wake alipofukuzwa darasani. Alipozitoa, watu walisema ni muujiza wa siku ile. Mimi naamini muujiza ulianza siku aliyoweka shilingi ya kwanza.

Sisemi kwamba chozi hukaa tu akilishwa. Dume hulinda lobelia zake kutwa nzima, akiwafukuza wenzake. Wala sisemi hakuna ndege anayekufa. Bwana yuleyule, katika Mathayo 10:29, alisema hata shomoro mmoja haanguki chini asipojua Baba yetu. Hakusema hawaanguki. Wako miongoni mwetu waliozika mwaka huu, na neno hili ni lao pia: Baba alijua, na alikuwapo.

Juma hili tuwaombee kwa majina wazazi wenye ada zisizolipwa, na vijana waliomaliza masomo wakakosa kazi. Tuwaombee pia wale wanaotoa sirini bila kujua watamlisha nani. Na mwenye nafasi asubuhi moja kabla ya kazi atoke nje, akae dakika kumi karibu na ua lolote lililochanua, awaangalie ndege. Ni agizo la Bwana.