Kilimanjaro kutoka futi 10,000 juu ya Tanga

Picha za simuleta za ndege, yaani programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, zinazosifiwa sana mtandaoni zina kasoro moja: zinaonyesha kila kitu. Bahari inang'aa, kila mlima una ncha zake, na upeo wa macho umekatwa safi toka kushoto hadi kulia. Watu wanaandika chini yake, "kama kweli vile." Kweli ya wapi? Mimi niko Ngamiani hapa Tanga mjini, natengeneza kompyuta, na siku nyingi nikitazama magharibi siioni hata Usambara, nayo iko kilomita 40 au 50 tu kutoka hapa.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Likizo hii, kwenye simuleta, alirusha Cessna, ndege ndogo, kutoka uwanja wetu wa Tanga, akapanda hadi futi 10,000, kisha akaniita kwa makelele: "Mjomba, njoo uone Kilimanjaro!" Nikaenda. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kweli ilikuwepo, nyeupe pee, utadhani tuko Moshi mjini. Mwonekano, yaani umbali ambao programu inakuruhusu kuona, alikuwa ameufungua wote, mpaka mwisho wa kipimo.

Tusimwonee mtoto, maana hesabu ya mviringo wa dunia iko upande wake. Toka Tanga hadi Kibo ni kama kilomita 290. Ukiwa futi 10,000, upeo wako unafika karibu kilomita 195, na kilele chenye mita 5,895 kinaweza kuwa kilomita 270 zaidi ng'ambo ya hapo na bado kikachungulia. Dunia haikifichi. Kinachokificha ni hewa.

Mjerumani Harald Koschmieder aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1924. Kitu cheusi kinapokuwa mbali, mwanga uliotawanywa na hewa hujaza nafasi iliyo kati yako na hicho kitu, na tofauti yake na anga la nyuma yake inapungua. Ikishuka hadi asilimia 2 hivi, jicho halikioni tena. Hewa tupu kabisa, isiyo na vumbi, chumvi wala moshi, usawa wa bahari hupunguza mwanga wa kijani kwa asilimia 1 na kitu kwa kila kilomita. Ukipiga hesabu hiyo kwa kilomita 290, inabaki asilimia 2 ileile. Yaani hewa ingekuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa, mlima ungekuwa ukingoni mwa kutoonekana. Juu kwenye futi 10,000 hewa ni nyepesi, kwa hiyo nafuu ipo. Nilipata asilimia 5 au 6. Hicho ni kivuli cha samawati kilichopauka, ukikitafuta kwa makusudi. Si ile Kibo ya mtoto. Na hapo hata vumbi hatujatia.

Simuleta za zamani zilikuwa na dawa moja ya umbali: rangi moja ya kijivu, inayoongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kazi yake kubwa ilikuwa kuficha mahali ambapo kompyuta inaacha kuchora ardhi. Tatizo ni kwamba ardhi ilipewa kijivu chake na anga likawa na bluu yake, na vinapokutana unaona mshono. Milima inageuka vipande vya karatasi vilivyobandikwa mbele ya anga ambalo halihusiani navyo.

Hewa haifanyi hivyo. Chembe zake ndogo hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, mara nne au tano hivi. Ndiyo maana mlima mweusi wa mbali unaingia bluu: mwanga unaouona mbele yake ni wa hewa yenyewe. Lakini wingu jeupe la mbali, lililopigwa na jua, linakwenda kinyume. Mwanga wake unapoteza bluu njiani, nalo linaelekea umanjano. Simama Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, alasiri yenye mawingu makubwa upande wa bara utaviona vyote viwili kwa pamoja. Rangi moja ya kijivu haiwezi kupaka bluu hapa na manjano pale, hata uirekebishe vipi.

Upande wa jua nilifundishwa na Ami yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa akishusha samaki Deep Sea, diko letu la Tanga, tangu mimi sijaanza shule. Nilimwonyesha kwenye simuleta asubuhi ya Februari niliyoipanga mwenyewe, ndege iko juu ya Toten, kisiwa kilichoko kwenye ghuba yetu, inaelekea mashariki.

"Ami, unaionaje?"

"Hii umesema kaskazi?"

"Ndiyo, Ami. Saa moja na nusu asubuhi."

"Jua liko mbele yako, na huko mbele waona mpaka mwisho wa maji. Wewe ushawahi kuona hivyo? Upande wa jua huoni kitu, weupe mtupu. Geuka nyuma ndiyo uone minazi."

Hakumaliza hata chai yake, akaondoka zake. Alichokisema ndicho sheda za kisasa, yaani programu ndogo zinazopaka rangi na mwanga kwenye picha, zinachokipigia hesabu. Chembe kubwa, kama chumvi ya bahari na moshi, hazitawanyi mwanga sawasawa kila upande. Nyingi ya nuru hiyo zinaisukuma mbele, kule mwanga ulikokuwa ukielekea. Ukitazama upande wa jua inakujia yote usoni. Ukilipa jua mgongo, utusitusi uleule, yaani ule ukungu wa chumvi na moshi, unakuwa mwepesi. Na chumvi ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, punje zinavuta maji na kuvimba. Kwa mji wa pwani kama wetu unyevu huo ni wa kila asubuhi, basi weupe ule wala si mawingu.

Kuna na suala la kimo, ambalo kwangu ndilo linalotenganisha simuleta nzuri na ya hovyo. Hewa yenyewe inapungua polepole ukipanda. Waandishi wa programu hutumia kipimo cha kilomita 8, yaani kimo ambacho ukikipanda inabaki zaidi kidogo ya theluthi yake. Vumbi na chumvi vimelala chini, kipimo chake ni kama kilomita 1.2. Kwa hiyo ndege ikipanda kutoka Tanga inatakiwa itoke kwenye utusitusi, na rubani auone kwa juu, umetandaa kama utando juu ya chai ya maziwa, vilele vya Usambara vikitokeza. Simuleta isiyojua kimo inakupa mwonekano uleule futi 500 na futi 9,000. Hapo mimi huzima.

Programu ninayotumia ni FlightGear, kwa sababu ni ya bure, imekuwepo tangu 1997, na laptopu yangu haina kadi ya picha ya kujivunia. Ina mfumo wake wa kutawanya mwanga wa hewa, na ukiuwasha tofauti unaiona palepale. Walio na mashine kubwa wamepata zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa picha za kompyuta, Bruneton na Neyret, walionyesha namna ya kupiga hesabu zote mapema na kuzihifadhi kwenye majedwali. Mwaka 2020 Sébastien Hillaire wa Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, akazipunguza hizo hesabu hadi majedwali madogo. Utusitusi wa umbali wote unakaa kwenye kisanduku cha namba, 32 kwa 32 kwa 32, kiasi kwamba hata simu inaweza. Ozoni nayo imo, maana bila hiyo anga la utosini baada ya magharibi linakosa bluu yake.

Kuchukua hali ya hewa halisi kutoka mtandaoni hakusaidii sana. Taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege, kwenye mwonekano, huandika 9999 kwa maana ya kilomita 10 au zaidi. Zaidi kiasi gani? Kumi na mbili au mia, tarakimu ni zilezile, na programu inabaki kubahatisha. Nyingine inakuwekea ukuta kilomita 10, nyingine inakufungulia mpaka Moshi.

Wapo wanaoniambia nakuza jambo dogo, ukungu ni pambo tu. Jaribu kurusha kutoka Tanga kwenda Pemba, kama kilomita 80, ukiwa umeweka mwonekano wa kilomita 8 na jua la mchana. Katikati ya mkondo bara limepotea nyuma, Pemba haijatokea, na maji na anga vina rangi moja. Huna mstari wa kukuambia bawa limelala au liko sawa. Julai 1999 John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, alianguka na ndege yake karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, usiku, juu ya bahari yenye utusitusi. Wachunguzi walihitimisha kuwa alipoteza mwelekeo. Yeye, mkewe na shemeji yake walikufa. Mpwa wangu nilimfunikia milima yote nikamwambia afike Pemba kwa saa za dashibodi peke yake. Alianza kuzunguka kushoto bila kujijua.

Skrini nayo ina lake. Anga la utusitusi linabadilika rangi kidogokidogo mno, na skrini ya bei rahisi yenye ngazi 256 kwa kila rangi inaonyesha michirizi, mkanda baada ya mkanda. Mteja mmoja alitaka nimbadilishie kioo kwa sababu hiyo. Programu nzuri hunyunyizia chembechembe za kubahatisha kwenye pikseli ili michirizi ipotee.

Kwa kaskazi naweka kilomita 10 hadi 15 chini ya futi 3,000, na juu ya hapo nafungua. Baada ya mvua kubwa za masika naruhusu 60, na hapo Usambara yote inajitokeza kutoka Muheza, kijani kabisa. Kinachonishinda mpaka leo ni moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, ule wa kahawia unaolala upande wa bara tu huku baharini kukiwa kweupe. FlightGear inanipa hewa moja kwa eneo zima. Faili za sheda ziko wazi na yeyote anaweza kuzihariri, kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu likizo ijayo aje na daftari la hesabu.