Kununua Gari Shilingi Ilipodhoofika

Ndugu na marafiki, mwanzoni mwa mwaka 2024 nilizunguka kwenye yadi za kuuzia magari za Ngong Road, Nairobi, nikitafuta gari dogo la familia. Dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160, na kwa kuwa magari ya kutoka nje hulipiwa kwa dola, kisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 huongezwa, kila kushuka kwa shilingi kulimwumiza mnunuzi. Riba nayo ilikuwa juu, maana Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 mwezi wa Februari.

Shilingi ilipopata nguvu hadi karibu 130 kwa dola mwishoni mwa Machi, nilitarajia bei ishuke mara moja. Haikushuka. Wauzaji walinieleza, na kwa kweli niliwaelewa, kwamba magari yaliyokuwa uwanjani yalilipiwa kwa dola ya bei ghali. Hata hivyo, yule ambaye gari lake lilikuwa limekaa muda mrefu alikuwa tayari kuzungumza, kwa sababu mkopo wa benki alioununulia gari haumsubiri mteja.

Sikutoa arbuni hadi fundi wangu alipolikagua gari na kulinganisha kilomita na karatasi ya mnada kutoka Japani, inayoonyesha hali na kilomita za gari lilipouzwa huko. Salio nililipa kupitia benki, umiliki ulipoanza kuhamishwa kwa jina langu.