Siku moja maishani mwangu: kuuliza walimu wa Tabora kama wako salama

Saa 11:30 alfajiri

Naanza na bahasha. Madodoso huwa nimeshayapanga tangu usiku, lakini bahasha nazikagua asubuhi, moja moja, kuona kama gundi inashika. Kila mwalimu anapewa dodoso ndani ya bahasha yake, akimaliza anaifunga mwenyewe na kuitumbukiza kwenye boksi. Kuna wenzangu wanaoona napoteza pesa za mradi. Waache waone hivyo.

Mimi ni mtafiti msaidizi kwenye mradi mdogo wa saikolojia. Tunawauliza walimu wa sekondari wanavyoendelea na kazi, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wanavyoizoea shule mpya. Mama yangu amekata tamaa ya kueleza kazi yangu, kwa hiyo majirani anawaambia binti yake analipwa kuwauliza watu kama wana furaha. Hayuko mbali na ukweli. Dodoso fupi kuliko yote tunayotumia ni lile la Shirika la Afya Duniani la mwaka 1998, lenye sentensi tano tu: wiki mbili zilizopita umekuwa mchangamfu, umekuwa na utulivu, umekuwa na nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia. Kila sentensi unaipa alama kuanzia 0 hadi 5, unajumlisha, unazidisha kwa 4, unapata kitu kati ya 0 na 100. Akipata 50 kushuka chini, mtu huyo anastahili kuulizwa zaidi.

Saa 1 asubuhi

Bajaji hadi mwisho wa lami, halafu bodaboda. Shule ya leo iko nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Urambo. Oktoba ya Tabora haina huruma: saa moja tu jua limeshachoma, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na maembe bado mabichi. Walimu wengi wa huku wanapanga mjini, kwa hiyo tunakutana njiani kila mmoja na bodaboda yake, tunapungiana mikono kabla hata hatujajuana.

Safari hii nayo imo kwenye dodoso. Mwaka 2001 Evangelia Demerouti na wenzake waliandika kwamba kila kazi ina vinavyokudai na vinavyokubeba. Vinavyokudai vikizidi, unaishiwa. Vinavyokubeba vikikosekana, unaanza kujitenga na kazi yenyewe. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakudai. Mwenzako anayekushikia kipindi ukichelewa anakubeba. Napenda maelezo haya kwa sababu hayaanzi kwa kumuuliza mwalimu ana kasoro gani.

Saa 2 asubuhi

Ofisini kwa mkuu wa shule. Barua zimeshapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Manispaa na kwa Afisa Elimu Sekondari, na zote ziko kwenye faili moja ambalo limeanza kuchanika pembeni. Mkuu ni mama mtu mzima, mkarimu, na kama wakuu wengi wema, anataka kunisaidia kupita kiasi.

"Mwanangu, nitawaita wote kwenye kikao saa nne. Wajaze palepale, makamu akusanye, uondoke nayo yote."

"Nashukuru sana mama. Ila naomba wachukue wakati wa chai, kila mtu ajaze anapopenda."

"Hazitarudi zote."

"Hata zikirudi nusu, mama, nitashukuru."

Ananitazama kwa muda. Kisha anauliza swali ambalo kila mkuu huliuliza: majibu ya walimu wake atayaona? Namwambia atapata muhtasari wa shule zote kwa pamoja, si wa shule yake wala wa mtu mmoja mmoja. Anacheka. "Basi mmejipanga." Anagonga muhuri.

Saa 3:20

Kidato cha kwanza. Wenye barua za wazazi zilizosainiwa wanabaki upande wa dirishani, wasio nazo wanaendelea na daftari zao. Mzazi akikubali haitoshi, mtoto naye anaulizwa, na akikataa hatujadili.

Nawaambia huu si mtihani. Nawaambia tena. Wanaitikia "ndiyo madam" kwa sauti moja, kisha kila mmoja anaziba karatasi yake kwa kiwiko ili jirani asiibie. Kijana wa mbele ananyoosha mkono: "Madam, sahihi ni kuzungushia ngapi?"

Hatuandiki majina. Tuliwapima hawahawa mwezi wa pili, wakiwa wageni kabisa, na leo tunataka kuunganisha karatasi ya kila mtoto na ile ya kwanza. Kwa hiyo kila mmoja anajitengenezea namba ya siri: herufi mbili za mwisho za jina la mama, tarehe aliyozaliwa, na idadi ya ndugu waliomtangulia. Kwenye mafunzo tuliambiwa hii ni njia nyepesi, kwa kuwa hakuna mtoto asiyejua jina la mama yake.

"Madam, mama yupi?"

Anayeuliza analelewa na mama mkubwa Isevya, mama yake mzazi yuko Mpanda. Nyuma yake kuna aliyelelewa na bibi na humwita bibi mama. Mwingine anauliza: "Na wakubwa zangu je, nihesabu wa baba pia?" Mwezi wa pili huenda waliandika mama mmoja, leo wataandika mwingine, na kompyuta itasema ni watoto wawili tofauti. Sasa nasema "mama aliyekuzaa" na kuandika ubaoni, najua kabisa kuna ambao jina hilo linawakalia vibaya. Bado sijapata njia bora kuliko hiyo.

Maswali yenyewe tuliyapanga kwa kufuata maeneo manne ya Baker na Siryk, Wamarekani waliotoa dodoso lao la kuzoea chuo mwaka 1984: masomo, marafiki, hali ya moyo, na kujiona wewe ni wa pale. Toleo lao la baadaye lina vipengele 67, na liliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mtoto wa hapa ana yake ambayo wao hawakuyawaza. Ametoka shule ya msingi akisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, na Januari hiyohiyo baiolojia na jiografia vikageuka Kiingereza. Wapo wanaoishi geto, yaani watoto wawili watatu wamepanga chumba karibu na shule kwa kuwa kwao ni mbali, wanajipikia, wanafua, wanalala njaa mchele ukiisha. Sentensi ya dodoso inayouliza kuhusu kukumbuka nyumbani, kwa mtoto wa geto, ni kukumbuka sufuria iliyopikwa na mtu mwingine. Tuliongeza swali moja tu: jana usiku ulikula? Msimamizi wangu alilipinga mwanzoni akisema si la kisaikolojia. Tulibishana, likabaki.

Saa 4:40

Chai. Kwenye ofisi ya walimu kuna chapati, maandazi na sahani ya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) aliyoleta mwalimu wa jiografia, na ndiyo yanayoisha kwanza. Bahasha zinazunguka pamoja na vikombe.

"Dada, hili dodoso lako mwishoni lina mkopo?"

Kicheko. Lakini baada ya kicheko mazungumzo yanakwenda palepale, kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, nani kadi yake ya benki ameishika nani, nani mshahara ukiingia unapita tu. Hayo hayamo kwenye dodoso langu. Yangekuwemo, wangeyaacha wazi.

Mkono wangu wa kulia ameketi kijana wa fizikia, anajaza dodoso la uchovu wa kazi la Christina Maslach na Susan Jackson, la mwaka 1981, vipengele 22, kila kimoja kuanzia 0 (haijawahi kutokea) hadi 6 (kila siku). Sitakiwi kuangalia na huwa siangalii, ila meza ni moja. Kwenye kipengele cha kuishiwa nguvu jioni amezungushia 5. Makamu anaingia, anasimama mlangoni, anasema kwa furaha tu, bila ubaya wowote, "Haya, mnaniandikia mazuri?" Ofisi inanyamaza. Kalamu ya kijana inarudi juu, inaikata ile 5, inazungushia 1.

Nikasimama. "Makamu, samahani, naomba unionyeshe daftari la mahudhurio ya kidato cha kwanza kabla sijasahau." Tukatoka. Daftari lenyewe silihitaji, lakini nimelisoma ukurasa kwa ukurasa na kuuliza maswali mpaka kengele ilipogonga. Niliporudi, kijana wa fizikia aliniomba karatasi mpya.

Kwenye ripoti tukio kama hili huandikwa kwa mstari mmoja, kwamba washiriki huelekea kujibu yanayopendeza. Mimi nililiona kwa macho, lilichukua sekunde nne hivi, na tofauti yake ni kati ya 5 na 1.

Saa 7 mchana

Mahojiano chini ya mwembe na mwalimu aliyefundisha tangu mimi sijaanza shule. Shikamoo, marahaba, anavua viatu, anakaa vizuri.

"Watoto hawanichoshi," anasema. "Kinachonichosha ni taarifa. Asubuhi naiandika kwenye fomu, mchana wananiomba ileile kwenye grupu la WhatsApp, jioni anapiga mtu mwingine anaiulizia."

Namuuliza kuhusu upande wa pili wa Maslach, ule wa mtu kuanza kuwaona anaowahudumia kama vitu. Anafikiri kwanza.

"Zamani nilijua majina. Sasa nasema wewe wa dirishani, wewe mwenye sweta. Hiyo ndiyo unayoiulizia?"

Sikujua nimjibu nini. Dodoso linaweza kumpa alama ya juu hapo, na msomaji wa mbali akadhani moyo wake umekuwa mgumu. Darasa lake halitoshi madawati. Huwezi kujua majina ya watoto wote hao hata ukiwapenda vipi, na aliyesema hana jina la mtoto wa dirishani ndiye aliyenieleza, dakika moja kabla, kwamba yule wa dirishani huwa hana kalamu siku za Jumatatu.

Mwishoni anauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?" Hapana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililiweka wazi hili kwenye orodha yake mpya ya magonjwa: uchovu wa namna hii ni hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukudhibitiwa, hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Amepokea hilo kwa utulivu, kisha akasema, "Sasa mbona dawa wanatuandikia sisi?" Nimempa karatasi yenye mahali pa kwenda kama akihitaji mtu wa kuzungumza naye. Kila anayehojiwa anapewa, kwa hiyo haimtengi mtu.

Saa 9:30

Mjini. Ugali, mlenda wa karanga, maji. Nusu saa sikuongea na mtu.

Saa 11 jioni

Kuingiza data. Kila dodoso huingizwa mara mbili na watu wawili, halafu tunalinganisha. Umeme umekatika na kurudi. Karatasi moja ina 2, 1, 2, 0, 3, jumla 8, mara nne ni 32. Pembeni ya ile 0, kwenye kuamka ukiwa umepumzika, mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "nina mtoto mchanga". Safu ya kuandikia hilo haipo. Nimeifungua safu ya maoni.

Halafu kuna fungu la shule moja tuliyoipitia kabla, ambako madodoso yalijazwa kwenye kikao na kukusanywa na mkubwa wao. Karatasi baada ya karatasi ni 4, 4, 4, 4. Kinachoniudhi ni kwamba kitakwimu fungu hilo linapendeza. Kuna kipimo alichokitoa Lee Cronbach mwaka 1951, kinachoitwa alfa, kinachoangalia kama maswali ya fungu moja yanakwenda pamoja. Ikivuka 0.70 watafiti wanapumua. Sasa mwalimu huyu akizungushia 4 tupu na yule 5 tupu, maswali yatakwenda pamoja kweli, alfa itapanda, na hakuna hata mmoja aliyesoma swali. Linaloumbua ni dodoso la Maslach, kwa sababu vipengele vyake vingine vinauliza mafanikio: anayeweka 6 kuanzia juu hadi chini anasema ameishiwa kabisa kila siku na pia ana nguvu tele kila siku.

Saa 2:30 usiku

Simu kwa msimamizi. Nataka fungu lile litolewe. Yeye anasema tukilitoa sampuli inapungua, na tukizoea kutupa tusiyoyapenda tutaishia kubaki na tunayoyapenda. Hapo ana hoja, sitabisha. Tumekubaliana lipewe alama yake, tufanye hesabu likiwemo na lisipokuwemo, tuonyeshe zote mbili, na tuandike waziwazi nani aliyezikusanya.

Shule ya kesho nimeshamwandikia mkuu wake: bahasha tutagawa wakati wa chai, boksi litakaa nje ya mlango, na tunamwomba makamu atuonyeshe maktaba kwa nusu saa hiyohiyo.

Amejibu: "Karibuni. Maktaba hatuna. Atawaonyesha bustani."