Mchana Mmoja Louis' Lunch, New Haven

Leo mchana mjomba wangu, ambaye ameishi jimbo la Connecticut nchini Marekani kwa miaka mingi, alinipeleka Louis' Lunch, mgahawa mdogo wa matofali mekundu ulioko mtaa wa Crown mjini New Haven, si mbali na majengo ya Chuo Kikuu cha Yale. Kila anapopata mgeni humleta hapa, na njiani huwa hakosi kumwandaa, kwa hiyo nami niliambiwa mapema: "Mpwa wangu, pale usiulizie tomato sosi." Nilimjibu kwamba nimekuja kula wanavyokula wenyeji.

Ndani ni padogo, pana giza kidogo hata saa saba ya mchana, na mbao za meza zimechorwachorwa majina na herufi za watu waliokaa hapo kabla yetu. Kinachovuta macho ni majiko. Ni ya chuma kizito cha kusubu, yametengenezwa mwaka 1898, na bado ndiyo yanayopika kila baga inayouzwa humo. Nyama ya ng'ombe iliyosagwa hubanwa ndani ya wavu wa waya, kisha wavu husimamishwa wima katikati ya ndimi za moto wa gesi, hivi kwamba nyama huiva pande zote mbili kwa wakati mmoja na mafuta yake huchuruzika chini badala ya kuikaanga. Nilisimama kwa muda nikitazama mpishi anavyozichomoa zile nyavu bila haraka, ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni, na nikafurahi kuona kwamba mashine iliyotimiza zaidi ya miaka mia moja haijafanywa pambo la kutazamwa, bali inafanya kazi ileile iliyoundwa kuifanya.

Baga yenyewe huja kati ya vipande viwili vya mkate mweupe wa slesi uliobanikwa, wala si ndani ya mkate wa duara. Mteja akitaka huongezewa jibini ya kupaka, nyanya na kitunguu, na hapo ndipo uchaguzi unapokoma: hakuna tomato sosi, hakuna haradali, hakuna mayonezi. Hata viazi havikaangwi kuwa chipsi. Mjomba aliagiza saladi ya viazi. Nilipouma mara ya kwanza nilikumbuka nyama choma ya nyumbani inayoletwa mezani na chumvi pembeni, kwa sababu hapa pia nyama imeachiwa ijieleze yenyewe. Katikati ilikuwa na wekundu, jambo ambalo wengi wetu tuliolelewa kwenye nyama iliyoiva kabisa tunahitaji muda kulizoea, lakini ilikuwa na majimaji na ladha safi ambayo sosi yoyote ingeifunika.

Mgahawa ulianzishwa mwaka 1895 na Louis Lassen, mhamiaji kutoka Denmark, na familia yake ndiyo inayouendesha mpaka leo. Wanasimulia kwamba mwaka 1900 mteja mmoja mwenye haraka aliingia akitaka chakula cha kula huku akienda, na Lassen akamwekea nyama ya kusaga katikati ya vipande viwili vya mkate, ikawa ndiyo hamburger ya kwanza Marekani. Miji mingine, ikiwemo Seymour katika jimbo la Wisconsin na Athens katika jimbo la Texas, inadai heshima hiyohiyo. Mimi ubishi huo haunishughulishi sana. Hata kama mtu mwingine alitangulia, ni wachache mno wanaoweza kukuonyesha jiko la wakati ule likiwaka.

Jambo lililonigusa zaidi ni habari ya kuhamishwa. Katika miaka ya sabini jengo hili lilitakiwa kubomolewa ili kupisha ujenzi mpya, na wateja, badala ya kusikitika tu, walipigania libaki. Mwaka 1975 likabebwa lilivyo hadi mahali lilipo sasa, na watu wakaleta matofali kutoka sehemu mbalimbali, yakajengewa kuta zake mpya. Mjomba aliniambia habari hiyo tukiwa bado tunakula, na baada ya kumaliza tulitoka kuyaangalia: yanatofautiana rangi na ukubwa, na mengine yanaonekana wazi kwamba hayakutoka tanuri moja. Ninaamini familia hii ilipata haki ya kuwakatalia wateja tomato sosi kwa sababu wateja hao wenyewe walichangia kuta, na hawakuzichangia ili wapate mgahawa unaofanana na mingine.

Nimemwomba mjomba turudi kabla sijaondoka, safari hii mapema kidogo, kabla ya foleni, niagize yenye kitunguu peke yake.